Mashine Yangu Imemgawia Baba Mkwe Malkia

Nimeaibika leo, tena mbele ya baba mkwe. (Mtarajiwa. Ngojeni mfike mwisho.)

Mnajua natengeneza programu ya kucheza sataranji. Baba yake Aline, mchumba wangu, hajawahi kuelewa kwa nini mtu mzima anashinda anagombana na kompyuta. Yeye sataranji alijifunza Bujumbura alikokulia, na pale Kabeza anakoishi sasa hakuna jirani anayemweza. Juzi akamwambia Aline: "Alete hiyo mashine. Nikiona iko kazi ya kweli, wazee wake wakuje kuomba." Yaani ndoa yangu ikawekwa ubaoni.

Asubuhi nikashindwa kutulia. Programu yangu ikishapiga hesabu ya hali fulani ya ubao, huihifadhi pamoja na alama yake: nzuri au mbaya. Ikikutana nayo tena haihesabu upya, inasoma tu. Tatizo ni kwamba kompyuta yangu ni ya zamani, kumbukumbu inajaa upesi, mashine inaanza kujikokota. Mtu mwenye akili angeiacha hivyo hivyo. Mimi nikaanza kupunguza vinavyohifadhiwa. Nikafuta hiki, nikafuta kile, ikawa inakimbia ajabu. Nikapima mwendo wake, nikaridhika. (Kucheza sikuijaribu. Nilikuwa na haraka ya kwenda kujisifu.) Nikachukua pikipiki kutoka kwangu Rwezamenyo, kompyuta nimeikumbatia kifuani njia nzima.

Mama yake Aline alikuwa ameshaweka chai na maandazi, na Aline akakaa kando yangu. Nikasema, kwa mdomo wangu mwenyewe: "Mzee, ikikushinda usiumie. Hii haichoki."

"Tutaona," akasema.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Kisha mashine ikampeleka malkia wake mbele ya farasi wa mzee. Bure kabisa. Mzee akaniangalia.

"Huo ni mtego," nikasema.

Akamla malkia. Hakuna kilichotokea. Sasa, nilikuwa nimeiwekea mashine maneno ya kuandika kwenye kioo ili wageni wafurahi. Ikaandika: "Naendelea vizuri." Halafu ikatoa ngome.

"Na hii iko mtego?"

"Mkubwa zaidi, mzee."

"Itafunga saa ngapi, mitego yako?"

Hapo ndipo nikakumbuka nilichofuta. Kila hali ya ubao ilikuwa na alama "nzuri" au "mbaya", na pembeni yake "kwa nani". Ile "kwa nani" niliona inakula nafasi tu. Kwa hiyo mashine ikiona hali iliyo nzuri kwa mzee, inasoma "nzuri", inaikimbilia kwa furaha zote.

Kioo kikaandika: "Ushindi wangu ni hakika."

"Mat," mzee akasema, yaani mfalme wa mashine hana tena pa kukimbilia. Ndege ikapita juu ya nyumba, kama kawaida ya Kabeza, jirani na uwanja wa ndege. Akangoja ipite, akarudia. "Mat."

Mama yake Aline akanisogezea sahani ya maandazi taratibu, kama mtu anayehani msiba.

"Kijana," mzee akasema, "hii mashine inanijua? Mbona iko upande wangu?"

Nikafungua mdomo nieleze habari za kuhifadhi kumbukumbu. Aline akanikanyaga.

"Ameifundisha adabu, Papa," akasema. "Haiwezi kushinda baba mukwe."

Mzee akanigeukia. "Ni wewe umeifundisha hivyo?"

Nilifikiria usiku wote niliokesha na programu hii. Nilitamani kulia.

"Yego, mzee," nikakubali.

Alifurahi hadi akampigia simu mdogo wake aliye Masaka, pale pale mbele yangu, kwa sauti ya kusikika barabarani: "Mukwe wetu ametengeneza kompyuta. Inashindwa vizuri sana." Kisha akaniambia wazee wangu waje kuomba. Na mashine ije nao, vilevile ilivyo, isiguswe, ili mdogo wake naye aishinde.

Sasa niko nyumbani. Kosa nimeliona, ni mstari mmoja tu. Nimeufungua, nimeufunga, nimeufungua tena. Chai imepoa. Aline ametuma ujumbe: "Ukiigusa, utaoa hiyo kompyuta."

Basi msicheke. Mlio na ndoa, niambieni tu: nirekebishe, au nioe?