Wastani wa Nne na Nane

Mamlaka ya Maji iliutangazia umma, kwa furaha na unyenyekevu mkubwa, kwamba uchachu wa maji umefutwa rasmi. Tangazo lilibandikwa kwenye milango ya ofisi zote, likasomwa redioni mara tu baada ya matangazo ya vifo, na chini yake palikuwa na saini ya Mkemia Mkuu, ndefu, yenye mkia uliopinda kama wa nge.

Saini hiyo ilimpendeza mwenyewe. Tangu apewe cheo, kusaini ndiyo kazi ya kikemia aliyoifanya zaidi ya zote. Zamani alikuwa mtu wa maabara, mwenye vidole vilivyobabuka. Siku hizi alikuwa mtu wa vikao. Koti lake jeupe lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango muda mrefu hata likaota kinundu penye msumari, na akilivaa alionekana kama ana jipu mgongoni. Kwa hiyo hakulivaa.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye matangi. Mji ulikuwa na matangi mawili ya maji. Katika tangi la mashariki mashine ya kutia shabu, dawa ya kusafishia maji, iliharibika, ikawa inamwaga dawa bila kipimo, na maji yakawa makali. Mtaa wa bondeni, uliokuwa ukinywa kutoka huko, ukalalamika kwamba maji yanakwaruza ulimi kama ndimu. Tangi likafungwa, na watu wa bondeni wakarudia kubeba ndoo. Tangi la magharibi nalo lilikuwa limezidishiwa kidogo chokaa, dawa ya kuua uchachu, kwa sababu wa magharibi hawakutaka kupitwa na wa mashariki.

Mkurugenzi Mkuu akaitisha kikao. Alikuwa mzee mwenye mvi nyeupe pe, nywele nyingi zilizochanwa kurudi nyuma, na picha ya nywele hizo ilikuwa katika kila kalenda ya Mamlaka. Wafanyakazi wote walimwita Mzee.

"pH ya mashariki, hicho kipimo cha uchachu, ni ngapi?" aliuliza.

"Nne, Mzee," alisema Mkemia Mkuu.

"Na ya magharibi?"

"Nane."

"Na iliyo nzuri?"

"Saba, hapo hapo."

Mkurugenzi alifumba macho kama anayepokea ufunuo. "Nne na nane, kumi na mbili. Gawa kwa mbili, sita. Sita na saba ni majirani. Tutayachanganya nusu kwa nusu."

Wajumbe wakapiga makofi. Mkemia Mkuu alihisi kitu kikimkuna nyuma ya ubongo, kama mtu aliyefika safari yake na hakumbuki kama alizima jiko. Lakini wakati huohuo chai ililetwa. Akasaini, akachukua andazi.

Dada yake mkubwa, fundi cherehani wa huko bondeni, alimpigia simu baada ya kusikia redio. "Mdogo wangu, leo umenitoa kimasomaso," alisema. "Nimemwambia kila mteja, huyo aliyefuta uchachu tumenyonya ziwa moja. Maji yanakuja lini?"

"Baada ya uzinduzi tu, Dada. Waziri anakuja kufungua bomba."

"Zahanati yetu wanazalisha kwa maji ya ndoo. Mwambie huyo Waziri atembee haraka."

Sifa ni kileo. Mkemia Mkuu aliamua kumpelekea dada yake chupa ya kwanza ya maji mapya, aiweke juu ya cherehani wateja waione. Akavaa koti lake na jipu lake, akashuka maabara, akachota nusu jagi la maji ya mashariki na nusu ya magharibi, akakoroga, akatumbukiza kipimo.

Kipimo kikasema nne nukta tatu.

Akakipangusa. Nne nukta tatu. Akabadilisha betri, akakigonga mezani, akakikemea. Akachukua kipimo kingine, kipya, ambacho hakijawahi kutolewa kwenye mfuko wake. Nacho kikasema nne nukta tatu, kana kwamba vimekula njama.

Hapo ndipo kile kilichokuwa kinamkuna kilipojitokeza chenyewe. Alikaa juu ya stuli, mikono magotini. pH si namba ya kawaida, mtu mzima wewe, alijisuta. pH ni logi. Ni hesabu ya kwamba asidi imegawanywa kwa kumi mara ngapi. Maji ya nne yana sehemu moja ya asidi kwa elfu kumi. Maji ya nane yana sehemu moja kwa milioni mia moja. Kwa hiyo tangi moja halikuwa na ukali mara mbili ya lenzake. Lilikuwa na ukali mara elfu kumi. Kuyachanganya hayo mawili ilikuwa kama kuchanganya kikombe cha pilipili na kikombe cha maji, halafu kumwambia mgeni kwamba pilipili imekwisha.

Akatafuta kitabu cha majedwali ya logi. Alikikuta kimewekwa chini ya mguu wa meza iliyokuwa inacheza. Alipokivuta, meza ikainama kwa heshima. Akapitisha kidole mistarini kama mwanafunzi. Ukiyachanganya nusu kwa nusu na maji mengine, ile moja kwa elfu kumi inakuwa moja kwa elfu ishirini. Logi ya elfu ishirini ni nne nukta tatu. Mashine zilikuwa nzima. Kilichoharibika ni Mkemia Mkuu.

Na si uchachu tu uliomtia hofu. Mabomba ya bondeni yalikuwa ya shaba, ya tangu enzi na enzi. Maji makali hula shaba, na anayeyanywa hunywa bomba lake.

Akaenda kwa dada yake bila chupa. Dada alikuwa anapiga pasi ukosi wa shati. Mkemia Mkuu akamweleza habari ya logi kwa mapana na marefu, kwa mikono yote miwili, akianzia kwenye ioni za haidrojeni.

Dada alimsikiliza mpaka pasi ikapoa. "Nimekuuliza kitu kimoja tu," alisema. "Hayo maji ni salama au si salama?"

"Inategemea tafsiri ya neno..."

"Wewe ungeyanywa?"

"Mimi nisingeyanywa."

"Na jina lililo kwenye tangazo ni la nani?"

"Langu, Dada."

Dada akageuza ukosi, akaendelea kupiga pasi. Hakugomba. Angegomba, ingekuwa nafuu.

Siku iliyofuata Mkemia Mkuu aliomba kuzungumza kikaoni. Alichora ubaoni, akatoa mfano wa pilipili, akakiri kwamba wastani aliousaini haukuwa wastani wa kitu chochote kijulikanacho duniani.

Mwanasheria wa Mamlaka alifungua kitabu chake. "Nimeipitia Sheria ya Maji. Inatambua kujumlisha, kutoa na kuzidisha. Kugawanya kunahitaji kibali. Logi haimo."

"Na kwa vyovyote," alisema Mkurugenzi, "kati ya sita uliyosaini na nne nukta tatu unayoniletea leo, tofauti ni moja na nukta kidogo. Nani alishawahi kufa kwa nukta?"

"Ni asidi mara hamsini, Mzee."

"Mara hamsini, mara moja na nukta. Leo una maneno mengi. Wananchi wanataka maji, wewe unawapelekea hesabu. Waraka utoke leo: katika Mamlaka hii, moja ni moja. Kuna jingine?"

Hapo ilimpasa ajiuzulu. Alishawahi kuiwazia siku ya namna hiyo, na katika mawazo yake alikuwa mrefu zaidi, na mlango alikuwa anaubamiza. Alifungua kinywa. Akaufikiria mlango, akamfikiria na dada yake na pasi yake. Kilichotoka kikawa kitu kingine kabisa.

"Nilitaka kugusia suala la itifaki tu, Mzee. Sioni kama ni heshima wananchi wa kawaida watangulie kunywa maji mapya kabla ya viongozi."

Mwanasheria alifunga kitabu taratibu.

"Hilo," alisema Mkurugenzi, "ndilo neno la maana ulilosema leo. Makao makuu yatangulie. Na nyumba yangu, kwa kuwa imo humu humu uani. Bondeni watasubiri mpaka Waziri aje."

Wakampigia makofi. Alitoka mle ndani hajui kama amefanya ushujaa au amejipendekeza tu kwa ustadi mkubwa kuliko kawaida yake. Baada ya kuchunguza dhamiri yake aliona ni vyote viwili, akaachana nalo.

Maji mapya yakafunguliwa makao makuu. Kwanza ilikuwa ladha: chai ya ofisi ikaanza kuacha kinywani ladha kama mtu ameramba ufunguo. Kisha masinki yakapata michirizi ya kijani, maana mabomba ya humo nayo yalikuwa ya shaba. Mwanasheria akapatwa na tumbo la kuendesha, akaandika maoni ya kisheria kwamba ni pilau. Watu wakawa wanakuja kazini na chupa zao za maji kutoka nyumbani, wakizificha kwenye mikoba, maana waraka ulishasema maji ni mazuri. Mkemia Mkuu naye alificha yake. Hata hivyo alinawa na kuoga kwa maji hayo, akala chakula kilichopikwa nayo kama wenzake. Kama maji hayo yana namna ya kumwadhibu mtu kwa kumwonyesha hadharani, kwake hayakupata pa kuandika. Alikuwa na upara.

Mkurugenzi hakuwa na upara. Aliosha nywele kila asubuhi, kwa fahari, katika maji yaliyopita kwenye hita ya shaba iliyofungwa nyumbani kwake na kwake peke yake. Shaba huzipenda nywele nyeupe. Wiki ya uzinduzi ilipokaribia, Mzee akaanza kuvaa kofia. Alivaa kofia kikaoni, akavaa kofia chakulani. Katibu muhtasi wake akaeleza watu kwamba ni mtindo wa uongozi wa kisasa, na baada ya siku mbili wakuu wa idara watatu nao wakavaa.

Siku ya uzinduzi uwanja wa bondeni ulijaa. Dada alikaa mbele na wateja wake, mikono kifuani, akimtazama mdogo wake kama anayetazama mshono wa fundi mwingine. Waziri, mama mmoja mfupi asiyependa hotuba ndefu ila zake, alisimama jukwaani pembeni ya Mkurugenzi. Bendi ikapiga wimbo wa taifa. Wanaume wote wakavua kofia.

Mkurugenzi alichelewa kidogo. Waziri alimtazama. Wapiga picha wakamtazama. Akavua.

Nywele zilikuwa kijani. Si kijani cha kubahatisha, ni kijani kibichi cha jani la mgomba mchanga, kilichochanwa vizuri kurudi nyuma. Wimbo uliendelea mpaka mwisho, maana ni wimbo wa taifa, na kwa muda wote huo hakuna aliyeruhusiwa kucheka wala kutikisika. Mpiga tarumbeta ndiye aliyeteseka kuliko wote.

"Mkurugenzi," alisema Waziri kipaza sauti kikiwa wazi, "hiyo rangi umeitoa wapi?"

"Mheshimiwa, ni... ni ndani ya viwango."

Waziri alichukua glasi ya maji aliyoandaliwa, akainusa, akamkabidhi yeye. "Mwenyeji huonja kwanza."

Mkurugenzi aliishika glasi. Aliitazama muda mrefu, kisha akaiweka mezani, taratibu, kama kitu kinacholipuka. Uwanja mzima uliona, na bondeni hawakuhitaji logi kuelewa.

Waziri akauliza nani mkemia hapa. Mkemia Mkuu akapanda jukwaani, na kabla hajatafuta maneno mazuri akamwona dada yake pale mbele. Akasema, "Mimi ndiye niliyesaini, Mheshimiwa. Nilikosea. Maji haya yasifunguliwe."

Hayakufunguliwa. Waziri alisimuliwa kisa chote, tangu wastani hadi waraka, kisha akaagiza tangi la mashariki limwagwe, lioshwe, mashine ibadilishwe, na bondeni wapewe maji ya magharibi yaliyopimwa. Kuhusu Mkurugenzi alitoa uamuzi mwepesi: kwa kuwa yeye ndiye aliyetangaza kwamba moja ni moja, nyumba yake itabaki kwenye maji ya mchanganyiko yaliyosalia katika tangi dogo la uani mpaka atakapoweza kueleza, bila kusoma popote, kwa nini nne na nane hazikuzaa sita. Mwalimu wake atakuwa Mkemia Mkuu.

Basi wakakaa maabara, wazee wawili mbele ya kitabu kimoja cha majedwali, mmoja kijani, mmoja kipara. Mtihani wa kwanza Mkurugenzi alipata kumi kwa mia.

"Hapa umenionea," alisema baada ya kuitazama karatasi. "Logi ya kumi ni moja. Logi ya mia ni mbili. Moja kwa mbili ni nusu. Nimepata hamsini kwa mia. Nimefaulu."

Mkemia Mkuu aliwaza. Hoja ilikuwa mbaya, lakini logi zake zilikuwa sahihi, na hayo yalikuwa maendeleo. "Sawa, Mzee. Umefaulu nusu. Basi na nyumba yako nitaifungulia nusu. Nusu maji mazuri, nusu hayo unayooga sasa."

Mkurugenzi aliruka kutoka kwenye stuli. "Nusu itanisaidia nini? Ukiyachanganya nusu kwa nusu na maji mazuri, asidi inapungua mara mbili tu. Logi ya mbili ni nukta tatu. Nitatoka nne nukta tatu nifike nne nukta sita, basi. Nitabaki kijani vilevile, wewe. Huwezi kuchukua wastani wa vitu hivi kama unagawana andazi."

Akarudi kukaa kwenye stuli. Alikuwa amesikia alichosema.

"Umefaulu, Mzee," alisema Mkemia Mkuu. "Leo jioni tutakufungulia maji ya magharibi."

Mkurugenzi alivaa kofia yake, akampa mkono, akatoka amenyooka kama mtu aliyetunukiwa shahada. Mkemia Mkuu alingoja mpaka hatua zikapotea koridoni. Kisha akainuka, akaufunga mlango, akakifungua kitabu cha majedwali na kupitisha kidole mstari kwa mstari, kuhakikisha kama kweli ni nne nukta sita.