Cheti cha Kukodi

Siku Baraza la Wataalamu wa Macho lilipofunga duka la miwani la pale kwenye kona, watu walisoma tangazo mlangoni, "Limefungwa: hakuna mtaalamu mwenye leseni," wakasikitika, wakaenda zao. Msasa alisoma mara mbili huku mate yanamjaa. Walimwita Msasa kwa sababu hakuna mtu mgumu aliyemshinda kumlainisha. Duka lipo, wateja wapo, kinachokosekana ni karatasi moja ukutani! Jamani, kwa karatasi tu mtu alale njaa?

Karatasi akaipata kwa mama mmoja mstaafu, aliyepima macho hospitalini miaka thelathini na sasa alikuwa akifuma vitambaa sebuleni kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama unauza dawa ya mende, sitaki."

"Hapana, mama yangu. Nataka kukodi cheti chako. Wewe pumzika nyumbani, mimi nihangaike na duka. Kila mwezi nakuletea chako."

Mama alimtazama juu ya miwani. "Baraza halisajili duka la asiye na leseni. Fomu zitakuwa kwa jina langu."

"Andika utakavyo, mama. Sisi si familia?"

Fomu zikaja, maandishi madogo kama sisimizi. Msasa akazisogeza mbali, akazisogeza karibu, akakunja uso.

"Soma kwanza, mwanangu," mama akamwambia.

Mtoto wa mjini asome nini? Akatia saini kila palipo na mstari. Kisha akauza gari, akauza makochi na friji, akalipa kodi ya mwaka mzima, akanunua mashine ya kupimia na fremu za kumetameta. Mkewe alibaki anakalia ndoo, ameapiwa kwamba muda si mrefu atakalia makochi ya ngozi.

Mpango wenyewe ulikuwa mtamu. Kila atakayeingia ataambiwa macho yamechakaa, kisha atauziwa vioo vitupu kwenye fremu ya dhahabu, dhahabu yenyewe ya kupaka.

Jumatatu asubuhi mama akatokea na mkoba na chupa ya chai.

"Mama! Si tulisema upumzike?"

"Sheria inataka mwenye leseni awepo dukani saa za kazi. Mkaguzi akipita asinikute, utamjibu nini?"

Msasa akamvutia kiti. Mteja wa kwanza alikuwa muuza vipuri mwenye kitambi na haraka, na Msasa alishamlainisha akubali miwani mitatu: ya kusomea, ya kuendeshea, na ya kuonekana nayo. Mama akamketisha, akampima kimya kimya.

"Macho yako mazima kabisa. Unachokosa ni usingizi. Nenda kalale."

Muuza vipuri akaondoka anashukuru. Msasa akashika kichwa. "Mama, unaniua!"

"Anayefuata!" mama akaita.

Habari zikasambaa kwamba kuna mama asiyedanganya mtu, na foleni ikafika barabarani. Mwingine angemshukuru Mungu. Msasa aliitazama foleni ile, watu wote wale wa kuchunwa, roho ikamuuma mpaka mwezi wa tatu ulipoisha akashindwa kuvumilia.

"Kesho usije, mama. Cheti kiache hapo hapo ukutani."

Mama hakubisha. Alimvisha miwani ya kusomea, akamkabidhi fomu. Sasa ilisomeka, tena vizuri: mmiliki wa duka na vifaa vyote, mama. Yeye, mhudumu wa mapokezi, kwa majaribio ya miezi mitatu.

"Imeisha leo, mwanangu. Sijaridhika na kazi yako."

Msasa alitoka mbio mpaka ofisi za Baraza. "Nimeporwa duka!"

Karani akachukua kalamu. "Aliyekupora ana leseni?"

"Anayo."

"Anakaa dukani?"

"Kila siku! Saa mbili kamili!"

"Anapima vibaya?"

"Anapima vizuri mno, ndiyo shida yenyewe!"

Karani akamtazama. "Na duka unasema ni lako. Leseni yako namba ngapi?"

Msasa akaanza kupapasa mifuko.

"Maana kumiliki duka la macho bila leseni ni jela, ndugu. Sasa niandike ni la nani?"

Gari likampita machoni, na makochi, na mkewe.

"La mama," akasema. "Mimi ni mtu wa mapokezi tu."

"Sema kwa sauti, niandike vizuri."

"La mama! Tangu siku ya kwanza!"

Karani akaandika yote, akamsogezea karatasi atie saini, akagonga muhuri.