Bukini Aliyetazama Kushoto

Jumanne, 6 Februari

Inatangazwa rasmi kwa ulimwengu, na kwa paka wetu aliyekataa kuamka, kwamba mimi, Wendell Prochaska, mwenye miaka hamsini na sita, nimechaguliwa Katibu wa Michoro wa Chama cha Wakusanyaji wa Tollefson Falls. Kura mbili kwa moja. Wanachama wengine wanne walikuwa wanakula donati.

Kazi yenyewe: kiwanda cha achari cha Hendershot kinatimiza miaka mia, na chama kimeruhusiwa kugongesha kisahani cha kumbukumbu, kiduara mfano wa sarafu, aina tunayokusanya sisi. Wakia moja ya fedha safi, nembo mbele, historia nyuma. Si pesa. Hakinunui hata donati. Lakini mtu mwenye akili timamu (yaani sisi saba) anaweza kushinda siku nzima akikitazama.

Ishirini vitatangulia kuja, themanini vitafuata. Hivyo ishirini amejitengea mwenyekiti, Arvid Stensrud, aliyefanya kazi Hendershot miaka thelathini na minane na hapitishi siku bila kututajia. Hakuna aliyepinga. Mimi nilipinga moyoni, tena kwa sauti kubwa.

Alhamisi, 8 Februari

Wazo limenijia nikiondoa theluji mlangoni. Sisi wakusanyaji tuna wazimu mmoja: kisahani kilichokosewa tunakilipia mara kumi ya kilicho sawa. Sasa, bata bukini wa Hendershot, yule aliyechorwa kwenye lebo ya kila chupa, anatazama kulia. Hata watoto wanajua. Je, akitazama kushoto? Kiwanda kitashtuka, kitaagiza themanini vigongwe upya, na vile ishirini vya kwanza vitagombaniwa nchi nzima. Mchoro nautuma mimi. Uzuri wa madaraka ndio huu.

Mke wangu, Lorna, alinikuta nimeshika chupa ya achari mbele ya kioo. Akauliza kulikoni. Nikasema utafiti. Akasema utafiti ukiisha urudi kwenye friji, na mfuniko wake.

Jumanne, 20 Februari

Nimemwendea Arvid aniuzie ishirini vyake, hataki dola. Badala yake anataka kitu kimoja tu: kisahani changu cha trekta la Bremmer, chenye namba moja.

Baba alilima na Bremmer maisha yake yote. Kisahani kile nilikinunua wiki tuliyomzika, na hakijawahi kutoka nyumbani. Lorna aliposikia akaacha kukunja nguo. "Kile cha baba yako? Wewe Wendell, una homa?" Nikamweleza kwa upole kwamba kinaenda matembezi ya miezi mitatu, nikishauza hivi ishirini, Arvid mwenyewe atanibembeleza nikichukue, nimrudishie hata kimoja.

Arvid aliniuliza mara tatu, "Una hakika, bwana?" Mara ya tatu nilimwonea huruma, mzee wa watu.

Jumamosi, 13 Aprili

Ishirini vimefika. Bukini anatazama kushoto, shingo imesimama, fahari tupu. Nilivipitisha mezani nikasubiri mtu apige yowe.

Wakavipokezana, wakarudi kwenye donati.

Nikamwuliza Fern, mtunza hazina wetu, anamwonaje bukini. Akasema kanenepa. Nikamwuliza tena, haoni kitu cha ajabu? Akasoma upande wa nyuma kwa miwani yake, akasema hakujua kwamba siki zamani ilikuja kwa treni.

Miaka mia wamemla huyu bukini kwa macho, hawamjui. Nimelazimika kukiandikia kiwanda barua ya malalamiko. Sahihi: Mwananchi Mwenye Uchungu.

Jumatano, 24 Aprili

Mama mmoja wa kiwanda kapiga simu kwa Arvid, anakaribia kulia. Kwa furaha. Ile barua iliwafanya wafungue makabati ya zamani. Lebo ya kwanza kabisa: bukini anatazama kushoto. Walimgeuza mwaka 1968, kwa kuwa dukani alionekana anaitamani haradali ya washindani wao. Kisahani chetu, anasema, ndicho cha kwanza kumtendea haki. Wameagiza vingine mia nane vilevile, kila mfanyakazi na kila mstaafu apate chake.

Mia nane na themanini, mbali na ishirini vyangu. Adimu kama nzi.

Na mimi napewa cheti cha utafiti.

Jumatano, 8 Mei

Niandike ukweli, maana daftari hili halina msomaji.

Jumamosi, kwenye sherehe ya kiwanda, nilipewa cheti na kuombwa nieleze nilivyogundua. Nilisema miezi ya kazi ngumu. Makofi. Lorna hakupiga, alikuwa anamtazama Arvid, aliyekuwa anajizuia kucheka.

Jumapili nilimfuata Arvid kibarazani kwake nikakiri yote, kisha nikaomba kisahani changu cha trekta. Alicheka mpaka akashika ubavu. Kumbe tangu Februari wagongaji wa visahani walimpigia simu kuuliza kama bukini yuko sawa, naye akawaambia yuko sawa kabisa. Alianza kazi pale 1965, chupa alizozifunga mwanzo zilikuwa na huyohuyo anayetazama kushoto. "Nilikuuliza mara tatu, bwana." Akasema trekta atanirudishia siku chama kitakapojua nilichofanya.

Kwa hiyo jana nilisimama kikaoni nikasema: nilitaka kuwaibia. Sikufanya utafiti wowote. Nilimgeuza makusudi. Fern akafuta machozi, akasema hajawahi kuona mtu mnyenyekevu kiasi hiki. Wakasimama wakapiga makofi. Nikarudia, kwa ukali. Wakapiga zaidi. Arvid akaninong'oneza kwamba yeye alisema wajue, hakusema waambiwe. Trekta limelala kwake.

Papo hapo wakanikabidhi mchoro wa mwakani: mkate wa Oberholt, wenye mbwa kwenye karatasi yake. Safari hii sikurupuki. Leo nimeshinda maktaba, nimekagua kila lebo tangu ya kwanza. Mbwa yule amekuwa na miguu minne siku zote, bila shaka yoyote.

Nitamchora na mitatu.