Ndoo Iliyokunywa Tembo la Lolo Teryo

Sitio Kalubihan,
Argao, Cebu.
Jumatatu, baada ya shule.

Mwenyekiti,
Kamati ya Tamasha la Kokteli la Mwaka,
Jiji la Cebu.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

YAH: NDOO

Shikamoo. Natumaini kamati imepumzika, na kwamba wenye viatu vilivyobaki uwanjani wamekwisha kuvifuata.

Mimi ni Chenilyn Sumalinog, mwanafunzi wa darasa la nane. Ninaandika kwa niaba ya babu yangu, Lolo Teryo, mgema wa minazi kumi na minne, aliyekuwa kibanda namba kumi na tisa hadi alipoondolewa. Yeye hajui kwamba ninaandika. Tangu Jumamosi ya tamasha kotama yake, kisu cha kugemea, imetundikwa ukutani na hajapanda mnazi hata mmoja. Mnazi usipopandwa asubuhi na jioni, karara lake linalotoa tembo hukauka, na mgema asipopanda, naye hukauka. Nyanya yangu, Lola Pasing, akimhimiza, anajibu, "Watu wazima wametema, Pasing. Nipande kumgemea nani?"

Mwalimu wetu wa barua anasema malalamiko yapewe namba na machozi yasipewe. Basi haya ndiyo malalamiko:

1. Kutema. Lolo aliwaandalia majaji kinutil, yaani tembo la mnazi, kiini cha yai bichi na chokoleti ya kakao, vikapekechwa kwa upekecho mpaka povu lipande. Jaji Mkuu, Bw. Lapinid, alipokea glasi, akanusa, akatia mdomoni, akafumba macho. Machozi yakamtoka. Lolo akanigusa bega, "Umeona, Inday, mjukuu wangu? Kamkumbuka mama yake." Hapo Bw. Lapinid akainama, akatema yote ndani ya ndoo ya bluu. Kwetu hata wale wasioonekana, ambao humwagiwa tone la kwanza chini, hawajawahi kulirudisha.

2. Glasi. Mlileta vikombe vitatu vya plastiki kwa majaji watatu. Lolo alieleza kwa upole kwamba glasi ni moja. Mmiminaji anamimina, mnywaji anamaliza, glasi inarudi tupu, inakwenda kwa wa pili, na mmiminaji mwenyewe anakunywa wa mwisho. Jaji kijana mwenye kamera akasema, "Tatay, nyuma yako kuna foleni ya watu arobaini." Lolo akamjibu, "Basi wakae duara, mwanangu. Foleni ni ya benki." Wakakaa. Nakubali kwamba duara liliziba njia ya gari la barafu. Lakini kuwaita walinzi wavunje duara kabla glasi haijamfikia hata mtu mmoja wa foleni, hilo ndilo lililomwondolea Lolo upole. Alichukua dumu akawamwagia wasioonekana tembo lote, akasema, "Kunyweni nyinyi, mnaojua adabu."

3. Alama. Harufu mbili, ladha sifuri, mwonekano moja. Chini yake mmeandika: "Kimeganda. Kinachoma." Mheshimiwa, yai la kuku anayetembea huganda, na kitu chenye nguvu huchoma. Kibanda cha ishirini kilipewa tisa kwa sababu kinywaji chake kilitoa moshi. Kwetu kinywaji kikitoa moshi tunawaita majirani waje na maji. Zaidi ya hayo, mwenye banda la nguruwe wa kuchoma alisikia harufu yetu akaja mara mbili kuomba kikombe achovyee ngozi ya nguruwe. Hakuna kokteli nyingine iliyopata heshima hiyo. Lolo alikataa, akisema tembo si mchuzi.

4. Nimeifuta. Ilikuwa na hasira.

5. Ndoo. Hili ndilo kubwa, nami nimelifikiria wakati wote wa somo la hesabu. Kanuni zenu, ukurasa wa pili, zinasema jaji ni yule anayepokea vinywaji vyote ishirini na vinne bila kubagua. Bw. Lapinid hakumeza hata kimoja. Kila alichotiwa kilipita kwake kikaenda kwenye ndoo. Basi nani alikunywa? Ndoo. Ilikunywa vyote, tangu cha kwanza hadi cha mwisho. Haikukunja uso, haikupokea simu, haikuomba kipande cha nanasi. Kwa hiyo naomba:

(a) Ndoo itambuliwe kuwa Jaji Mkuu, ipewe kitambulisho cha shingoni na kiti cha mbele;

(b) Bw. Lapinid atambuliwe kuwa bomba;

(c) Ndoo iulizwe mshindi ni nani. Ikinyamaza, ukimya wake uhesabiwe kuwa kura ya kibanda namba kumi na tisa, kama tunavyofanya kwenye mikutano ya darasa;

(d) Mwakani ndoo ikate utepe.

6. Bi. Odessa. Huyu simlalamikii. Ni jaji wa pili, mwenye hereni za chaza. Bw. Lapinid alipotema, yeye aliitazama ndoo, kisha akamtazama Lolo aliyesimama amenyoosha mkono akingoja glasi yake. Akanywa. Akanywa yote. Akashika meza kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ndogo sana, "Ahsante, Tatay. Sijawahi kunywa kitu kama hiki." Akarudisha glasi tupu. Alama zake hazikuandikwa kwa sababu alikwenda kulala kivulini. Naomba zihesabiwe mara tatu.

Mimi mwenyewe siwezi kutoa ushahidi wa ladha. Nina miaka kumi na mitatu, na langoni mlinifunga mkononi ukanda ulioandikwa MTOTO, ASIPEWE. Nilikaa nao mpaka nyumbani.

Ombi langu la mwisho ni dogo. Bw. Lapinid aje kwetu Jumapili saa kumi jioni. Hakuna hotuba. Atapewa glasi moja, ataimaliza, atairudisha tupu mkononi mwa Lolo. Nina hakika Lolo akiiona tupu, kesho yake atapanda. Basi la kwetu linashusha watu mbele ya kanisa, nami nitakuwa pale tangu saa nane, nimevaa sare ya shule ili nionekane.

Wasalimie wanakamati wote, walinzi wakiwemo, dereva wa gari la barafu, na kibanda cha ishirini, ambacho natumaini kimezimika.

Wako katika adabu na matumaini,
Chenilyn Sumalinog

N.B. Mheshimiwa, nilikuwa nimekwisha kuilamba bahasha Lola Pasing alipoingia akiuliza, "Nani kachukua siki yangu? Nyuma ya mlango kulikuwa na madumu mawili!" Dumu la kwenda tamashani nililibeba mimi. Nimekwenda nyuma ya mlango nikalifungua lililobaki. Ni tembo la Lolo la Ijumaa, ambalo sasa nalo linaelekea kuwa siki.

Nilikwenda kumwambia Lolo.

"Yule mama wa hereni," akauliza, "alimaliza?"

"Alimaliza, Lolo."

"Siki?"

"Siki, Lolo. Siki na yai."

Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Lola alidhani amepatwa na kifafa. Kisha akaichukua kotama ukutani. Ninapoandika haya yuko juu ya mnazi wa tatu, na anapiga kelele kutoka huko niwaulize Bi. Odessa anakuja siku gani, maana mtu wa namna hiyo hangojeshwi.

Kwa hiyo tafadhali yafuteni malalamiko namba moja hadi tano, na namba nne ifuteni mara ya pili. Bw. Lapinid si bomba. Namwomba radhi, na wale wasioonekana pia, ambao walipewa dumu zima. Mwaliko wa Jumapili sasa ni wa Bi. Odessa, ingawa Bw. Lapinid naye akija atapata mahali kwenye duara.

Ndoo pia inakaribishwa. Nayo ilimaliza.