Mmarekani Niliyemzaa Jeddah

Jumapili, 2 Novemba 2025

Umaarufu umewadia! Mimi Naftali, dereva wa familia moja mtaa wa Rawdah, Jeddah, sasa ni Brock Tandy, jasusi mstaafu wa Texas na mwandishi wa riwaya za kusisimua. Nilipoandika kwa jina langu, alisoma ndugu yangu tu. Tena kwa kulazimishwa. Kwa jina la Brock, grupu zima la hadithi la WhatsApp linagombania kila sura. Anayebisha ni Rosebellah peke yake, mfanyakazi wa ndani hapa kwetu. Eti Mmarekani gani anakula ugali na sukuma wiki kila siku? Wivu.

Jumanne, 4 Novemba

Balaa! Rosebellah humsomea Bi Mashavu hadithi zangu akimkanda miguu. Bi Mashavu ni mama yake kafili, tajiri aliyetuajiri, asili yao Unguja, Kiswahili anakijua kuliko mimi. Amempenda Brock! Akaniuliza kama grupu linajua anakoishi. Nikaona nimweke mbali. Nikasema yuko Riyadh.

"Vyema," akasema. "Alhamisi utanipeleka."

Dereva ni mimi. Hilo sikulifikiria.

Alhamisi, 6 Novemba

Jangwa, ngamia, jangwa. Bi Mashavu kiti cha nyuma, kapakata halua ya Brock. Rosebellah kando yake, anatabasamu vibaya. Tuliposimama kujaza mafuta nikajifungia chooni, nikatangaza kwenye grupu kwamba Brock Tandy amefariki. Moyo. Nikatoka nikijipongeza. Yalla, turudi nyumbani!

Nikamkuta Bi Mashavu analia, Rosebellah keshamsomea tangazo.

"Maskini, kafia ugenini. Twende tukampe mjane wake mkono wa pole."

Ijumaa, 7 Novemba

Riyadh. Tumezunguka kutwa tukimtafuta mjane. Magoti ya Bi Mashavu yamevimba, lakini hataki kurudi. Huruma ilinishika kidogo. Kisha nikafungua simu. Hilal, muuza vitambaa wa mtaa wa Hindawiyah, kaandika kwenye grupu: Mungu amrehemu Brock, ila visa vyake vilikuwa dhaifu. Dhaifu! Nikamjibu palepale, kwa ukali, kwa namba ya Brock.

Rosebellah akainua macho kutoka simu yake, akaitazama yangu. "Mama, marehemu amejibu."

Nikaona ikama yangu, kibali cha kuishi huku, ikiyeyuka.

"Naftali," akasema Bi Mashavu, "yule mwovu wa hadithi zako, mwenye ndevu za hina, ni mwanangu Amir?"

Nikasema ndiyo, mama. Akacheka mpaka ushungi ukamvuka. Kisha akakunja uso. Kamlilia mtu asiyekuwepo! Akasema Amir hataambiwa, lakini nimsimulie yeye mwisho wa hadithi njia nzima mpaka Jeddah. Mwisho sina.

Jumapili, 9 Novemba

Naosha mazulia ya nyumba nzima. Adhabu. Mbele ya Bi Mashavu nimeapa: uongo halas, nitaandika kwa jina langu.

Nikisugua, nimezinduka. Uongo haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa Riyadh, kuna barabara. Kesho anazaliwa Chad Wolverton, mpelelezi wa zamani, mkazi wa Kanada. Kanada hakuendeki kwa gari.