Uso Wangu Kwenye Filamu ya Mpunga

Jumatatu, 26 Agosti

Mpwa wangu Marlys amerudi nyumbani na kamera mbili. Anatengeneza filamu kuhusu mgodi wa chuma unaomwaga maji yake Ziwa la Bata na kuua manoomin, mpunga wetu sisi Waojibwe, unaoota wenyewe majini. Mgodi unaapa kwamba bomba limefungwa tangu Machi. Upande wa mashariki mpunga umebaki mabua. Ijumaa jimbo linaamua kama mgodi uongezewe kibali miaka kumi, na Marlys anatafuta mtu wa kulisemea ziwa.

Nimenyoa ndevu. Nimevaa shati la riboni, vazi letu la sherehe. Tangu saa mbili asubuhi nimekaa barazani nikitazama mbali. Marlys kapita, kaniuliza, Mjomba, shingo inauma? Kisha kaenda kumrekodi Wendell Goodsky.

Wendell! Mtu anayetia kidole kwanza hata kwenye maji ya kuoga. Lakini ana nywele za kusuka mikia miwili hadi kiunoni, na anaongea kama aliyeamshwa sasa hivi. Siku hizi hiyo ndiyo hekima.

Jumanne, 27 Agosti

Nimejipeleka mwenyewe. Marlys kanipa dakika kumi. Nimeeleza mababu, upepo, mbegu. Katikati nimelia kidogo. Kitunguu kilikuwa kwenye leso. Ilikuwa inakwenda vizuri sana mpaka akatokea Shangazi Geraldine, mwenyekiti wa kamati ya mpunga, na pikipiki yake ya magurudumu manne. Akazima. Akanusa. Akauliza, mbele ya kamera, mara ya mwisho nimepura mpunga lini.

Nikasema kila mwaka. Akasema mwaka jana nilikaa ndani ya gari nikila mikate ya kukaanga ya watu waliokuwa wanapura. Marlys kacheka mpaka kamera ikatikisika. Eti kipande hicho atakitunza.

Sehemu ya mwisho ya filamu kapewa Wendell.

Alhamisi, 29 Agosti

Wendell ana maneno. Mimi nitakuwa na vitendo. Hakuna hata mmoja aliyerekodiwa akipura! Sababu ni ndogo tu: ziwa bado limefungwa. Mpaka kamati ibandike karatasi kwenye mti wa gatini, hakuna anayeingiza mtumbwi, maana mpunga mbichi ukipigwapigwa unaharibika na mbegu za mwaka unaofuata zinapotea. Lakini mimi sikwenda kupura. Nilikwenda kuigiza kupura. Kamati ingeelewa kama ningeiuliza.

Nimeazima kamera ya pili ya Marlys bila kumsumbua. Alfajiri nikaifunga kwenye kisiki na kuingia. Kazi hii ni ya watu wawili. Mmoja anasimama na kusukuma mtumbwi kwa upondo, mwingine anakaa na kupura mabua kwa vijiti, punje zidondokee mtumbwini. Mimi nilikuwa wote wawili. Upondo ukanasa kwenye tope, mimi nikabaki kwenye upondo, mtumbwi ukaendelea na safari.

Nikaanguka. Maji ya kifua. Yalikuwa na uvuguvugu, ajabu kwa asubuhi ya baridi namna ile, na kwa kweli niliyashukuru. Kamera nimeirudisha mahali pake. Hakuna aliyejua.

Ijumaa, 30 Agosti

Marlys kajua. Kanipigia simu saa kumi na mbili asubuhi. Kwenye picha mimi simo kabisa, nilielekeza kamera siko. Kilichomo ni bomba la mgodi, mdomo wazi, likitapika maji yenye mvuke dakika arobaini. Sauti yangu inasikika ikiomba msaada kwa Kiojibwe, halafu ikitukana kwa lugha zote ninazozijua.

Kasema kwenye kikao cha jimbo leo picha haitapokelewa mpaka aliyeipiga asimame kuapa. Nikikiri, Shangazi Geraldine atanifungia ziwa. Nikinyamaza, mgodi unapata miaka kumi mingine.

Nimekaa kitandani na soksi moja mguuni. Mama alinifundisha kupura upande ule wa mashariki. Mwaka huu hata bata hawatui pale. Iliniuma, na nilitaka kulia bila kitunguu.

Kisha nikauliza kama kwenye kikao kuna kamera za televisheni. Kasema tatu. Nikavaa shati la riboni.

Wakili wa mgodi akaniuliza nilikuwa nafanya nini ziwani saa zile. Ningeweza kusema navua samaki. Lakini Wendell alikuwa mstari wa mbele na mikia yake yote miwili. Nikasema kwa sauti kubwa: napura mpunga.

Watu wetu wote wakageuka. Wakili akatabasamu, akasema ziwa limefungwa, basi huyu ni mwongo. Ndipo Shangazi Geraldine akasimama.

"Mwongo ni mwongo, tena tangu utotoni," akasema. "Lakini kwetu mtu hajisingizii kuingia ziwa lililofungwa. Atajisingizia wizi wa gari kwanza. Kama Verlin amekiri hilo mbele yangu, basi alikuwepo. Na wewe Verlin, mwanangu, tutaonana nje."

Kibali kimekataliwa. Bomba linazibwa wiki ijayo.

Jumapili, 1 Septemba

Ziwa limefunguliwa. Mimi nimefungiwa misimu miwili. Juu ya hapo nimepewa kazi ya kukanyaga mpunga uliokwisha kukaangwa, ndani ya shimo, kwa viatu vya ngozi laini, mpaka maganda yatoke. Mpunga wa kila mtu. Nimeanza na wa Wendell. Kaniletea kahawa. "Kanyaga taratibu, nyota wetu," kasema, "usije ukadondoka na humo."

Marlys kairekodi miguu yangu tu.

Jumanne, 3 Septemba

Filamu imeonyeshwa ukumbi wa shule. Wendell dakika kumi na moja. Mimi: kitunguu, sauti inayotukana, miguu. Uso wenye machozi ya kweli, hakuna.

Lakini miguu ilipotokea watu walishangilia kuliko walivyomshangilia Wendell! Nilihesabu. Sasa fikiria wangeona na sehemu ya juu.

Wiki ijayo Marlys anakwenda kurekodi Ziwa la Kasa, ambalo kamati bado haijalifungua. Kamera zote mbili kazihifadhi kwenye kabati la Shangazi Geraldine, kwa usalama. Komeo la kabati lile ni bovu. Nina hakika, kwa sababu fundi aliyelitengeneza ni mimi.