Jicho la Mayige Lavuka Mpaka

Jumatatu, 3 Julai 1995

Soko huria ni jambo jema, ila lingeniachia mimi peke yangu. Zamani ushirika ndio ulionunua pamba yote na mkulima hakuwa na pa kukimbilia. Sasa hapa Bariadi mawakala tumejaa. Joakim, wakala wa kampuni nyingine, ameweka mzani wake upande wa pili wa barabara, tunatazamana uso kwa uso.

Leo Mzee Ngassa amefika kutoka Kimali, mkokoteni wa ng'ombe umejaa pamba mpaka unayumba. Nikamkimbilia na salamu ya Kisukuma. Mwangaluka, bhabha, karibu kivulini. Akapandisha gunia la kwanza. Hapo hapo jicho langu la kushoto likaanza. Linatiririka tangu masika, lenyewe tu, bila msiba. Mzee akautazama mzani, akanitazama mimi, akarudi kwenye mzani. Akasema kwa upole kwamba mtu anayelia huku anapima bila shaka dhamiri inamsuta. Akashusha gunia, akavuka barabara.

Joakim akampa kiti. Na maji ya kunywa! Nimeyaona vizuri, kwa jicho la kulia.

Jumatano, 5 Julai

Nimenunua miwani nyeusi kwenye mitumba. Imenipendeza mno. Tatizo, ukiivaa huoni namba za mzani. Nimemsomea mama mmoja uzito mkubwa kuliko alioubeba. Ameshukuru sana, akaenda kuwaita ndugu zake. Nimeivua kabla hawajafika. Sasa ukoo mzima unasema nimegeuka mwizi.

Alasiri nikaenda zahanati. Muuguzi Felisita akabonyeza kwenye kona ya jicho, karibu na pua, akasema njia ya kupitisha machozi kwenda puani imeziba. Hakuona la kutisha. Wiki ijayo kuna daktari wa macho, misheni imemwalika, atatibu watu bure pale kanisani. Nifike Alhamisi mapema.

Bure! Kwenye mabenchi ya kwaya! Joakim mwaka jana alitibiwa sikio Nairobi, na tangu hapo hawezi kuomba hata chumvi bila kuitaja Nairobi. Wakulima wanamheshimu kwa hilo. Wanaona mtu aliyefika huko hawezi kuiba kilo za Kimali. Nami nikatibiwe kanisani, kama nimekwenda kubarikiwa?

Nikamshukuru Felisita, nikamwambia Alhamisi nitakuwa ng'ambo kwa matibabu. Neno limetoka lenyewe, kama machozi.

Jumapili, 9 Julai

Sherehe ya kuniaga. Mke wangu Milembe hakuitaka. Aliuliza ng'ambo ipi. Nikasema Kenya. Akasema Kenya ni pale tu baada ya Tarime, shangazi yake huenda kununua sabuni. Huyu mwanamke hana upeo.

Mama mkwe, Mhoja, yeye anasema jicho linalia kwa sababu marehemu bibi yangu ana kiu. Tumemmwagia bibi pombe kidogo chini. Iliyobaki haikufaa kuachwa iharibike.

Nikasimama, nikaeleza kuhusu daktari bingwa wa Migori ambaye sifa zake zimevuka mpaka. Nilizisikia kwa dereva wa lori. Jicho likatiririka vizuri ajabu, watu wakaguswa, wanawake wawili wakalia pamoja nami. Kisha chakula. Mhoja akachukua firigisi, firigisi ya kuku wangu, nyumbani kwangu, akampelekea Joakim. Eti mgeni aliyewahi kufika Nairobi.

Joakim akaitafuna polepole akinitazama. Akanishauri huko nisinywe maji ovyo.

Jumanne, 11 Julai

Migori. Basi mpaka Lamadi, jingine mpaka Tarime, nikalala huko. Asubuhi Sirari, kibali mkononi, koti la mtumba mwilini. Nimevuka mpaka kwa mguu wa kulia, kwa makusudi. Upande wa pili vumbi ni lile lile, lakini nimelivuta kwa heshima.

Kliniki nimeipata. Safi, ina pazia. Nikamweleza karani wa mapokezi kwamba nimetoka mbali kumwona daktari bingwa wa macho. Akauliza mbali wapi. Nikasema Bariadi, Tanzania. Akaniangalia kwa huruma kabisa.

"Pole sana, mzee," akasema. "Daktari ameenda huko huko. Ameitwa na misheni."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Akaongeza kwamba labda tumepishana pale Sirari. Na kweli, nakumbuka gari la msalaba lililonirushia vumbi. Ndilo vumbi nililolivuta.

Alhamisi, 13 Julai

Nimeingia Bariadi asubuhi nikipita mashambani. Nikapitia nyumbani, nikajifunika kanga ya Milembe mpaka machoni, nikakaa kwenye benchi la nyuma kanisani, katikati ya akina mama. Mpango mzuri. Nitibiwe, nirudi kujificha nyumbani mpaka Jumamosi, kisha nitokee stendi na begi.

Wote walinisalimia kwa adabu. Mmoja aliniita mayu, yaani mama, akaniomba nimshikie mtoto.

Kisha Felisita akatokea mlangoni na sauti yake ile. "Mayige! Baba Nancy! Si ulikuwa ng'ambo?"

Benchi zima likageuka. Na benchi la mbele nani? Joakim, amemleta mama yake mwenye mtoto wa jicho. Akainuka, akaja taratibu, akashika pindo la kanga.

"Kumbe ng'ambo wana kanga nzuri," akasema.

Nikaingia kwa daktari nikiwa bado na mtoto wa watu mkononi. Daktari hakucheka, ni mtu mzima. Akanitia dawa ya ganzi, akaingiza sindano butu kwenye kona ya jicho, akasukuma maji. Mara nikasikia chumvi kooni. Nikadhani nakufa. Akasema hiyo ndiyo dalili ya kupona.

"Machozi yako hayana ubaya," akaniambia. "Yalikosa tu pa kwenda."

Sijui kwa nini maneno hayo yalinigusa. Nikataka kulia kidogo, ya kweli. Yakashuka kimya kimya puani, hakuna aliyeona. Milembe alikuwa nje ananisubiri. Alichukua kanga yake, akanifuta pua.

Jumamosi, 22 Julai

Jicho kavu kama mchanga. Mzee Ngassa amerudi na mkokoteni, akanichungulia uso, akaridhika, akapima magunia yote kwangu. Nikamweleza kwamba nimetibiwa na daktari wa Kenya. Si uongo. Akauliza Kenya pakoje. Nikamweleza habari za pazia. Wakulima wamekusanyika kunisikiliza, ng'ambo ya barabara kiti cha Joakim kitupu.

Ndipo nikaambiwa sababu ya utupu huo. Joakim anapanga safari ya Kampala, goti linamsumbua. Kampala! Wakulima wote wakaguna kwa heshima, hata Mzee Ngassa.

Nimefunga mzani mapema. Nimetembea mpaka nyumbani nikichechemea, polepole, kupitia sokoni ili watu waone. Milembe amenitazama nikiingia, akauliza ni mguu upi.

Nimebadilisha. Wa kushoto unachechemea vizuri zaidi.